Nyeri yatunza makaburi ya wageni, la Kimathi bado halijulikani

Anayetaka kuona magofu ya Warumi hana budi kusafiri hadi miji ya pwani ya Mediterania, kama Leptis Magna nchini Libya. Nyeri haina bahari wala magofu ya namna hiyo. Hata hivyo, mgeni anayeuzunguka mji huu kwa miguu, akiongozwa na mwenyeji aijuaye historia, hugundua kwamba madola mawili ya Ulaya yaliacha hapa alama za kudumu, nazo ni makaburi.

Pa kuanzia ni makaburi ya Kanisa la Kianglikana la St Peter's. Hapa ndipo alipozikwa Robert Baden-Powell, mwasisi wa maskauti, aliyefariki Januari 8, 1941. Kwenye jiwe la kaburi pamechongwa duara lenye nukta katikati. Wengi hulitazama bila kuelewa, na hapo ndipo faida ya mwelekezi inapoonekana: katika alama ambazo maskauti huachiana njiani, duara hilo humaanisha kuwa mwenzao amekwenda nyumbani. Majivu ya mkewe, Olave, yalizikwa papo hapo baada ya kifo chake mnamo 1977.

Katika makaburi hayo hayo amelala Jim Corbett, aliyevuma kwa kuwawinda chui na simbamarara walao watu nchini India. Alihamia Kenya mnamo 1947 na kufariki Aprili 19, 1955. Wawili hawa waliishi katika nyumba moja kwa nyakati tofauti: kijumba cha Paxtu kilicho katika uwanja wa hoteli ya Outspan, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Nyumba ya akina Baden-Powell huko Uingereza iliitwa Pax, neno la Kilatini lenye maana ya amani. Walipohamia Nyeri mnamo 1938 waliita makao mapya Paxtu, yaani Pax ya pili, wakiichezea tarakimu ya Kiingereza.

Nje kidogo ya mji, upande wa Mathari, lipo Kanisa la Kumbukumbu la Waitaliano lililojengwa mnamo 1952. Ndani yake yamehifadhiwa mabaki ya wanajeshi zaidi ya 600, wengi wao waliofia Kenya wakiwa mateka wa Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Pamoja nao yumo Amedeo, mwanamfalme wa Aosta, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia nchini Ethiopia. Alisalimu amri Amba Alagi mnamo Mei 1941, akafariki jijini Nairobi Machi 3, 1942. Mussolini aliota kuifufua dola ya Roma barani Afrika. Ukitaka kujua ndoto hiyo iliishia wapi, ingia kanisani humo.

Mgeni, hasa akiwa Mkenya, hakosi kuuliza: na Dedan Kimathi je?

Katikati ya mji upo mnara wa kuwakumbuka Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru, unaowataja kwa jumla. Uwanja wa michezo wa Ruring'u na chuo kikuu vimepewa jina la Kimathi. Lakini kaburi lake halipo. Mzaliwa huyu wa Tetu alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, akashtakiwa papa hapa Nyeri mwezi uliofuata, na kunyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Wakoloni walimzika humo gerezani bila alama yoyote, si ya duara wala ya nukta.

Serikali zilizofuata baada ya uhuru ziliombwa mara nyingi kuyatafuta mabaki hayo. Mnamo 2019 ilitangazwa kwamba kaburi limepatikana, lakini serikali ikakanusha. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliyedai kwa miongo mingi apewe mifupa ya mumewe aizike, alifariki Mei 4, 2023 kabla ya kuipata. Alizikwa Njabini, katika kaunti ya Nyandarua.