PESA NA BAJETI: Ritani ya Juni huandaliwa kuanzia Januari

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapokaribia kutamatika, foleni huchipuka katika vituo vya Huduma na kwenye saiba za mijini. Wanaopanga foleni ni Wakenya wanaokimbizana na Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya ushuru wa mapato ya mwaka uliotangulia, maarufu kama ritani.

Kuijaza ritani yenyewe katika mtandao wa iTax wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) si kazi ya siku nzima. Kinachowatatiza wengi ni stakabadhi wasizozihifadhi na pesa wasizozitenga katika kipindi cha miezi 12.

Imani potovu iliyoenea zaidi ni kwamba mwajiri akishakata PAYE, mfanyakazi ametimiza wajibu wake. Ni kweli kwamba mwajiri hutakiwa kuuwasilisha ushuru huo kwa KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hata hivyo, jukumu la kujaza ritani humbakia mfanyakazi mwenyewe. Anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaopaswa kulipa, kutegemea kiasi kilicho kikubwa. Hata asiyedaiwa chochote hutozwa Sh2,000 hizo.

Stakabadhi ya kwanza ya kutafuta ni fomu ya P9, ambayo mwajiri hutoa baada ya mwaka kwisha. Fomu hiyo huonyesha mshahara, ushuru uliokatwa na nafuu alizopewa mfanyakazi. Inafaa kulinganishwa na hati za mishahara za kila mwezi mapema, wakati ambapo mhasibu bado anaweza kurekebisha kosa. Anayelipia bima ya maisha au ya elimu naye ahifadhi cheti cha kampuni ya bima, kwani sheria humpa nafuu ya asilimia 15 ya ada anayolipa, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka. Asiye na cheti hana cha kudai.

Aliyefanya kazi kwa waajiri wawili anahitaji tahadhari zaidi. Kila mwajiri huenda akampa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 kwa mwezi, ilhali sheria huruhusu nafuu hiyo mara moja tu. Kosa hilo likidumu mwaka mzima, mfanyakazi hujikuta akidaiwa Sh28,800 au zaidi anapojumlisha fomu zake mbili za P9. Isitoshe, salio la aina hiyo hutakiwa kulipwa kufikia Aprili 30, miezi miwili kabla ya siku ya mwisho ya ritani. Anayesubiri Juni huwa tayari amechelewa.

Wanaoumia zaidi, hata hivyo, ni wale wenye mapato ya pembeni. Tuseme mwalimu amejenga vyumba sita mjini Nakuru, na kila kimoja humletea kodi ya Sh5,000. Jumla ni Sh30,000 kwa mwezi, sawa na Sh360,000 kwa mwaka. Kwa kuwa kiasi hicho kimepita Sh288,000, mwalimu huyo yuko chini ya ushuru wa nyumba za makazi za kukodisha, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, bila kuondoa gharama za ukarabati.

Ushuru wake ni Sh2,250 kwa mwezi, na hutakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Akizitenga pesa hizo siku anapopokea kodi, hatahisi uzito mkubwa. Akizitumia kwa mahitaji ya nyumbani, mwaka utakwisha akidaiwa Sh27,000. Zaidi ya hayo, faini ya Sh2,000 kwa kila mwezi ambao hakuwasilisha ripoti yaweza kufika Sh24,000, kiasi kinachokaribia ushuru wenyewe. Bado kuna adhabu ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Bajeti ya familia, basi, yafaa iuhesabu ushuru pamoja na karo na chakula, wala si kama dharura ya Juni. Kwa mwenye biashara au nyumba, njia rahisi ni kuwa na akaunti ya kando ambamo fungu la serikali huingia kabla ya matumizi mengine yoyote. Kwa mwajiriwa, faili moja ya kuhifadhia stakabadhi za mwaka yatosha.

Manufaa yake hayaishii kwa KRA pekee. Cheti cha kuthibitisha kwamba mtu ametii sheria za ushuru huitishwa na waajiri wengi na katika zabuni za serikali. Faini ndogo iliyosahauliwa yaweza kumnyima mtu nafasi ya kazi aliyoisubiri kwa miaka. Usipoziba ufa, wahenga walinena, utajenga ukuta.