Sindano za Kupunguza Uzito na Mimba

Mafuta ya mwilini si akiba iliyolala tu, kwa kuwa seli zake hugeuza baadhi ya homoni kuwa estrojeni, nayo estrojeni ikizidi, pamoja na insulini inayopanda kwa sababu mwili hauiitikii vizuri, huvuruga mawasiliano kati ya ubongo na ovari hata yai likakosa kupevuka. Mwanamke mwenye unene uliokithiri akishika mimba hukabiliwa zaidi na kisukari cha mimba, na kujifungua kwa upasuaji, na shinikizo la damu linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba, huku mtoto akiweza kuzidi kilo 4 au, kwa nadra, kuzaliwa na mgongo wazi.

Hapo ndipo zilipoingia semaglutaidi, iuzwayo kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na tirzepataidi, iitwayo Mounjaro. Zote mbili huiga GLP-1, yaani homoni ya utumbo inayoujulisha ubongo kwamba mtu ameshiba na kuchelewesha chakula kutoka tumboni. Uzito ukipungua kwa asilimia 5 hadi 10 tu, mayai mara nyingi huanza tena kupevuka, na mwanamke aliyekwisha kujihesabu kuwa mgumba hushtukia ni mjamzito. Tirzepataidi inaongeza jambo jingine, kwani kwa kulichelewesha tumbo huweza kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, hivyo Uingereza hushauri kondomu itumike pia kwa wiki 4 baada ya kuanza dawa na baada ya kila nyongeza ya dozi.

Ugumu wa dawa hizi ni kwamba hufungua mlango wa mimba ambamo zenyewe hazitakiwi kuingia. Semaglutaidi hupungua mwilini kwa nusu kila wiki moja hivi, kwa hiyo hushauriwa iachwe angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mimba. Katika majaribio, panya, sungura na nyani waliopewa dawa hiyo walipoteza mimba au kuzaa watoto wenye kasoro, ingawa si rahisi kutenganisha athari ya dawa na ya njaa ya mama. Kwa binadamu, uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 kutoka nchi za Nordiki, Marekani na Israeli, uliohusu wajawazito wenye kisukari cha aina ya pili, haukuona kasoro kubwa nyingi zaidi kwa watoto wa waliotumia dawa zinazoiga GLP-1 kuliko kwa wa waliotumia insulini. Matokeo hayo humtuliza aliyechomwa sindano bila kujua kuwa ana mimba, wala si ruhusa ya kuendelea.

Kuacha nako kuna gharama, maana njaa iliyozuiwa hurudi. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2025 ulionyesha kwamba walioacha dawa hizi kabla ya mimba au mwanzoni mwake waliongezeka wastani wa kilo 13.7 katika ujauzito, ilhali wenzao wasiozitumia waliongezeka kilo 10.5, na kisukari cha mimba kilikuwa kingi zaidi kwao. Miongozo ya Marekani humshauri mjamzito mwenye unene uliokithiri aongezeke kilo 5 hadi 9 tu.