Injini Nyingine katika Land Rover ya Zamani: Hesabu Inayotangulia Spana

Gari la Land Rover lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na la mwisho la ukoo ule wa zamani lilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Magari mengi yaliyoundwa katika miaka ya 1960 na 1970 yangali yakitembea katika Afrika Mashariki, na mwezi wa Oktoba 2024 wenye magari ya jina hilo walikutana Arusha katika tamasha lao. Hata hivyo, ukifungua boneti ya gari kuukuu la namna hiyo, mara nyingi utakuta injini ambayo siyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Injini ya petroli imeondolewa, na mahali pake imewekwa ya dizeli.

Kazi hiyo hufanywa uani kwa mtu, chini ya mwembe, na hufanikiwa mara nyingi. Lakini wako wanaotumia akiba yao yote, kisha gari likavunja ekseli katika safari ya kwanza. Na wako waliopata balaa kubwa zaidi kuliko hilo. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba kubadili injini si kubadili kitu kimoja. Gari ni mnyororo unaopitisha nishati kutoka katika mafuta hadi barabarani. Ukiongeza nguvu katika pingili ya kwanza, umeziongezea mzigo pingili zote zinazofuata. Hesabu za lazima ni za kiwango cha shule ya sekondari.

Chasisi kabla ya injini

Mwili wa Land Rover za kwanza ulitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Chasisi, lakini, ni ya chuma: ni mihimili yenye uwazi ndani, iliyoundwa kwa mabamba yaliyolehemiwa. Maji na matope yakiingia katika uwazi huo hukaa, na kutu huanza kula kutoka ndani huku nje rangi ikiwa bado nzuri. Tena, pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, hutokea seli ya umeme kama ile tunayofanyia majaribio maabara. Alumini hupoteza elektroni kwa wepesi zaidi, nayo ndiyo inayoliwa. Basi kazi ya kwanza ni kuchukua nyundo ndogo na kugonga chasisi nzima, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Hakuna faida ya kufunga injini yenye nguvu juu ya mhimili uliooza.

Injini mbili za ukoo mmoja

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana sana. Injini ya petroli ya Land Rover ya wakati huo ilikuwa na silinda nne, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 90.47, na mwendo wa pistoni wa milimita 88.9. Eneo la duara la silinda ni sentimita mraba 64.3, ukizidisha kwa 8.89 na kwa silinda nne, unapata ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Mwaka 1989 kiwanda kilitoa injini ya dizeli yenye turbo, iliyoitwa 200Tdi. Kipenyo cha silinda ni kilekile, ila pistoni inasafiri milimita 97. Hesabu hiyohiyo inatupa ujazo wa takriban 2,495. Msomaji ataona kuwa injini hizi ni za ukoo mmoja. Ndiyo sababu mafundi wengi huipenda 200Tdi: mashimo ya boliti zake yanakubaliana na sanduku la gia la zamani bila marekebisho makubwa.

Tofauti kubwa imo katika mgandamizo. Katika injini ya petroli hewa hubanwa mara 7 au 8, kisha cheche ya plagi huwasha mchanganyiko. Katika 200Tdi hewa hubanwa takriban mara 19.5. Kama hewa ingebanwa bila kupoteza joto lolote, halijoto yake ingepanda kutoka nyuzi 27 za Selsiasi hadi kama 710. Katika injini halisi hupungua hapo, kwani kuta za silinda hunyonya joto. Lakini hubaki ya kutosha kuwasha dizeli pasipo cheche.

Matokeo yake ni haya. Injini ya petroli ilitoa kani ya kuzungusha ya takriban nyutoni-mita 163; 200Tdi ya gari la Discovery hutoa 265, tena krenki ikizunguka mara 1,800 tu kwa dakika. Uwezo, yaani kazi inayofanyika katika kila sekunde, hupatikana kwa kuzidisha kani hiyo kwa mwendo wa mzunguko. Kwa mizunguko 1,800, dizeli hutoa kilowati 50, na petroli kama kilowati 30.

Kutoka krenki hadi tairi

Sanduku la gia la Land Rover ya mfululizo wa tatu, katika gia ya kwanza, hupunguza mwendo mara 3.68. Sanduku la pili lililo nyuma yake, likiwekwa katika gia ya uzito, hupunguza tena mara 2.35, na difu hupunguza mara 4.7. Zidisha zote tatu: injini huzunguka mara 40.7 ili tairi lizunguke mara moja. Mwendo ukipungua hivyo, kani huongezeka kwa kiasi hichohicho. Tukiacha msuguano wa gia zenyewe, injini ya petroli ingeleta kwenye magurudumu nyutoni-mita kama 6,600, na ya dizeli kama 10,800.

Je, kani hiyo yote yaweza kutumika? Hapana. Gari lenye mzigo, uzani wake jumla kilo 2,000, hukandamiza ardhi kwa nyutoni 19,600. Kama kizio cha msuguano baina ya tairi na ardhi kavu ni 0.8, na nusu kipenyo cha tairi ni mita 0.38, magurudumu yote manne yataanza kuteleza yakizungushwa kwa nyutoni-mita kama 6,000. Basi injini ya zamani, katika gia hiyo, tayari ilikuwa imekaribia mpaka ambao ardhi yenyewe imeuweka. Nguvu ya ziada haiwezi kulivuta gari zaidi ya hapo. Inachoweza kufanya ni kuvunja: tairi moja likibanwa kati ya mawe, au likizunguka ovyo kisha likashika ghafla, kani kubwa huelekea kwenye ekseli moja. Ekseli nyembamba za magari haya zinajulikana kwa kukatika hata kwa injini yake ya asili. Dereva mwenye injini mpya na ajifunze kutokanyaga mafuta kwa nguvu katika gia ya kwanza ya uzito.

Faida ya kweli iko katika gia za juu. Katika gia ya nne, sanduku la pili likiwa katika mwendo wa kawaida, uwiano wote ni 5.4. Kwa mizunguko 1,800 gari huenda kilomita 48 kwa saa. Mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100 hulidai gari letu la kilo 2,000 nyutoni kama 1,960 za kushinda uzito, pamoja na mia nne au zaidi za kushinda ukinzani wa barabara na hewa. Injini ya petroli hutoa nyutoni zipatazo 2,300, hivyo dereva hana budi kushuka gia. Ya dizeli hutoa zaidi ya 3,700, nalo gari hupanda bila kushuka gia.

Mwendo na breki

Injini ya dizeli haipendi mizunguko mingi. Kwa mizunguko 3,000, na tairi linalosafiri mita 2.4 kwa kila mzunguko, gari letu litakwenda kilomita 80 kwa saa tu. Kwa hiyo wenye magari wengi hubadili na difu pia, wakafunga zenye uwiano wa 3.54. Mizunguko 3,000 sasa huwapa kilomita 106 kwa saa. Wengi hufurahi na kuishia hapo, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari la kilo 2,000 likienda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, lina kilojuli 400. Likienda 108, yaani mita 30 kwa sekunde, lina kilojuli 900. Kasi imeongezeka mara moja na nusu, lakini breki zinatakiwa kumeza nishati mara mbili na robo. Breki za magari haya ni za ngoma katika magurudumu yote manne, nazo zilipimwa kwa ajili ya gari la polepole.

Tufikiri juu ya mteremko wa kutoka Lushoto hadi Mombo. Tofauti ya kimo ni kiasi cha mita 1,000. Gari letu likishuka huko hupoteza nishati ya megajuli 19.6, sawa na kulisimamisha mara 49 kutoka kilomita 72 kwa saa. Zamani sehemu kubwa ya nishati hiyo ilizuiwa na injini. Lakini dizeli hii haina kile kizibo kinachobana hewa inayoingia katika injini ya petroli, hivyo huzuia kidogo zaidi; na difu mpya zimepunguza uwezo huo tena. Mzigo unaobaki huangukia ngoma za breki. Zikipata joto kupita kiasi, msuguano wake hupungua, na kanyagio halisaidii kitu.

Liko jambo jingine lililojificha. Baadhi ya Land Rover zina kisaidizi cha breki kinachotumia ombwe linalotokana na uvutaji wa hewa wa injini ya petroli. Dizeli haitoi ombwe hilo. Lazima pampu yake ya ombwe ifungwe na iunganishwe barabara, ama sivyo dereva atajikuta anakanyaga breki ngumu kama jiwe.

Kazi uani

Katika kufunga, mambo manne yasisahauliwe. Mosi, rejeta: kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nishati ya mafuta huwa kazi, theluthi hutoka na moshi, na theluthi huondolewa na maji, kwa hiyo injini yenye uwezo mkubwa hudai upoozaji mkubwa. Pili, mpira wa taimingi: injini ya zamani ilitumia mnyororo, 200Tdi hutumia mkanda wenye meno. Ubadilishwe kabla injini haijafungwa, kwani ukikatika valvu hugongana na pistoni. Tatu, pampu ya dizeli hurudisha mafuta ya ziada, hivyo tangi lahitaji bomba la pili. Nne, namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Mamlaka ya usajili iarifiwe.

Tena, mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala chini ya injini inayoning'inia kwenye cheni.

Zoezi la darasa

Mwalimu aweza kuanza kwa baiskeli. Wanafunzi wahesabu meno ya gia ya mbele na ya nyuma, wapige mstari wa chaki kwenye tairi, na wapime umbali wa mzunguko mmoja. Kisha watabiri umbali utakaosafiriwa kwa mizunguko kumi ya pedeli, na waupime uwanjani. Wakishaafikiana na jibu, wapewe namba za Land Rover zilizomo humu na waulizwe hivi: mwenye gari ana fedha za kununua ama injini ya dizeli, ama breki bora pamoja na ekseli imara. Aanze na kipi? Kila kundi litetee jibu lake kwa hesabu.