Spika ukutani, masikio salama

Ukienda Kariakoo kutafuta hom thieta, usibabaishwe na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kwa sebule ndogo, spika tano na sabufa moja zinatosha. Mwombe muuzaji aweke filamu kwa sauti ya chini. Maongezi yakisikika vizuri, hiyo inafaa.

Mbili za nyuma ndizo hukosewa. Wengi huziweka juu ya kabati, mtoto akivuta waya zinamwangukia. Zifunge ukutani, pembeni mwa kochi na nyuma kidogo, sentimita 60 hadi 90 juu ya masikio ya aliyekaa. Ukuta wa tofali utoboe, weka plagi ya plastiki kwanza, ndipo skrubu. Waya zipite juu, siyo chini ya zulia.

Sabufa isiegemee ukuta wa jirani (atakuchukia).

Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, mtoto 75. Ikifika 90, muda salama ni saa nne tu kwa wiki, yaani filamu mbili. Ukilazimika kupaza sauti ili uliyekaa naye kochi moja akusikie, punguza.