STERINGI KAFA, SASA ITAKUWAJE?

MSOMAJI wangu, kama hujawahi kuhudhuria msiba wa mtu ambaye hakuwahi kuishi, basi ungekuwa nami Itiryo Desemba, siku waliyoonyesha ile filamu ambayo James Bond anakufa.

Nilikuwa nimekwenda kusalimia nyumbani. Kwa wasioijua, Itiryo iko Tarime, mkoani Mara, jirani na mpaka wa Kenya. Najua watoto wa Sinza na Kariakoo mnadhani ujanja wa sinema umeishia kwenu. Poleni. Pale kuna kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni imefungwa ukutani kwa waya, kiingilio shs. 500/=, na nje watoto wanachungulia kwenye matundu ya misumari bila kutoa hata senti. Na kwa kuwa mpaka ni hapo tu, leo mtasikia sauti ya DJ Afro wa Kenya, kesho mtapigiwa tafsiri ya mmoja wa hawa wetu wa Bongo waliofuata njia aliyoichonga Lufufu.

Siku hiyo haikuwa na tafsiri. Ilikuwa Kiingereza kitupu kutoka kwenye flashi ya mwenye kibanda. No Time to Die, ya mwaka 2021, filamu ya 25 katika mfululizo ulioanza na Dr. No mwaka 1962. Daniel Craig, aliyeivaa suti ya Bond tangu 2006, anasimama juu ya kisiwa, makombora yanakuja, na hakimbii. Moto. Kwisha.

Kibanda kikawa kimya, nikasikia mbuzi nje. Halafu ikalipuka.

"Mura, hiyo feki hiyo!"

"Rudisha nyuma, kuna kipande kimekatwa!"

Msiwacheke. Sisi wote tumelelewa na sheria moja ya vibandani: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akafungwa kamba, akatupwa mtoni na jiwe shingoni, lakini dakika ya mwisho lazima aibuke. Mtoto wa darasa la pili anaijua sheria hiyo kabla ya kuijua hesabu ya kugawanya. Binamu yangu akaapa kwamba aliwahi kuiona filamu hiyohiyo ikiwa imetafsiriwa, na mtafsiri alisema Bond alipita kwenye handaki akatoka upande wa pili. Sikumwamini. Ndiye huyuhuyu aliyetudanganya utotoni kwamba Rambo na Komando ni ndugu wa baba mmoja.

Mwenye kibanda alikuwa ameshanyoosha mkono kutoa flashi ili aweke mpira. Nikamwambia, kaka, ngoja, acha majina yaishe. Akanitazama kama mgonjwa, maana hakuna mtu Itiryo aliyewahi kusoma majina ya mwisho. Lakini akaacha. Tukasubiri yale majina yakipanda na kupanda, na mwishoni kabisa yakatokea maandishi: James Bond atarudi.

Binamu akaruka juu ya benchi. "Si nilisema!"

"Atarudi kama nani?" akauliza jamaa mmoja wa bodaboda, kofia ya pikipiki mapajani. "Mtu kaungua ninyi mnaona. Hapo wazike tu, waanze sinema nyingine."

Basi mjadala ukashika moto. Binamu anamtaka Idris Elba. Hoja yake: baba wa Sierra Leone, mama wa Ghana, na Zanzibar alishapanga kujenga studio ya filamu, kwa hiyo ni wetu. Wa bodaboda akamjibu kwamba Elba kashazidi miaka 50 na mwenyewe keshasema hayumo, sasa mnamlazimisha kazi ya kuruka mapaa? Dada mmoja wa sekondari, yuko likizo, akasema kwa upole kwamba wanabishana bure, kwani katika filamu hiyohiyo namba 007 ilikuwa tayari na mwanamke mweusi, yule Nomi aliyechezwa na Lashana Lynch. "Ninyi mlikuwa mnaangalia magari," akamalizia. Wanaume wakatafuta pa kutazama.

Kuna mzee wa malori naye alikuwa na donge lake la zamani. Katika Casino Royale, hiyo ya 2006, kuna kambi ya waasi na maandishi yanasema ni Mbale, Uganda. Yeye Mbale kafika mara nyingi, na msitu ule hajawahi kuuona. Nikamwambia hakosei, walipigia picha Uingereza, kwenye msitu wa Black Park. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi nikawapa habari ninazozijua. Kwamba Februari 2025 familia ya Broccoli, iliyoiendesha Bond kwa zaidi ya miaka 60, ilikubali kuiachia Amazon MGM uamuzi wa mambo yote ya kisanii. Kwamba Juni mwaka huohuo alitangazwa mwongozaji, Denis Villeneuve wa Kanada, na baadaye mwandishi, Steven Knight, huku jina la Bond mpya likiwa halijatajwa.

"Kwa hiyo wameuza?" akauliza mjomba wangu, mwalimu mstaafu, ambaye muda wote alikuwa amekaa mlangoni kama vile anapunga upepo tu.

Shikamoo zilipokwisha nikamweleza kwamba hapana, umiliki bado wamo, wanashirikiana.

"Ahaa. Ng'ombe bado ni wao, ila fimbo ya kuchungia wamempa mwingine." Akatikisa kichwa. "Mwenye fimbo ndiye anayejua watakunywa maji wapi."

Wa bodaboda alikubali mara moja. Mimi nilinyamaza, kwa sababu katika makala zote nilizosoma sikukuta iliyosema vizuri kuliko hivyo.

Mjomba hakuishia hapo. Akauliza, aliyembuni huyo Bond yu hai? Nikamwambia Ian Fleming alikufa 1964. Na vitabu vikaendelea? Vikaendelea, 1968 tu Kingsley Amis alishatoa kingine, na wengine wakapokezana mpaka miaka yetu hii. Ndipo mzee akaniuliza swali lililoninyima usingizi: "Na Willy Gamba je?"

Vijana wakatazamana. Wawili tu walilijua jina. Jamani, Willy Gamba wa Elvis Musiba! Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu, Uchu! Mpelelezi wetu, aliyekuwa akiwakomesha maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika wakati Bond anakunywa pombe zake kasino. Musiba alifariki 2010. Ben Mtobwa, baba wa Joram Kiango, alitangulia 2008. Hakuna aliyelipua kisiwa juu ya Gamba. Hakufa. Amesimama tu palepale mwandishi alipomwachia, na hapa tunagombania nani amrithi Mwingereza. Niseme ukweli, mimi nilikuwa nagombania kwa sauti kubwa kuliko wote.

Usiku ule mjomba alinitolea nakala yake ya Njama. Haina jalada, imeshonwa kwa uzi wa gunia. Nimeisoma ndani ya basi, sikumwona hata konda aliyedai nauli mara mbili. Nilipofika karibu na mwisho nikakuta kurasa zimechanika. Nikampigia simu, mjomba, mbona kitabu hakina mwisho?

"Najua," akasema. "Nirudishie Desemba, nitakusimulia."

Anayejua Gamba alimalizaje, tafadhali, asinitumie ujumbe.