Gari ya kujiendesha kwa bei ya chini: tuanzie shambani



Mdogo wangu mmoja wa Kabambare aliniuliza: «Yaya, gari yenye kujiendesha, siye hapa tutaitengeneza siku gani?» Mimi ni mtu wa kilimo, si fundi wa magari, lakini ulizo lake lilinikaa kichwani.

Bei kubwa iko ku macho ya gari. Mwaka 2005, gari Stanley ya Chuo Kikuu cha Stanford ilimaliza kilometa 212 za jangwa la Marekani bila dereva, ikipima njia kwa leza na kamera. Baadaye chombo kimoja cha leza kiliweza kufika dola 75,000. Tangu 2016 kuna openpilot, programu ya bure ya comma.ai, yenye kutumia kamera. Ila dereva anabaki macho wazi, na inapenda barabara yenye mistari. Kutoka Kasongo mpaka Kabambare, mvua ikinyesha, hata barabara yenyewe unaitafuta!

Njo maana nasema tuanzie shambani. Kule trakta inakwenda polepole, na ulizo ni moja tu: nimetoka kwenye mstari kwa sentimita ngapi? Brian Tischler, mkulima wa Kanada, alitengeneza AgOpenGPS, programu ya bure ya kazi hiyo. Inataka tableti, mota ndogo ya kuzungusha usukani, na vipokezi viwili vya satelite. Kimoja kiko juu ya trakta. Kingine hakitembei, pahali pake panajulikana, kwa hiyo kinaona satelite zinakosea kiasi gani na kutuma sahihisho kwa redio. Kosa la mita kadhaa linashuka mpaka sentimita mbili hivi. Kipokezi ni dola mia chache.

Msimu mmoja tulikodi trakta kwa shamba la mpunga. Dereva alikuwa anapita tena pale alipokwisha kulima. Jembe la mita 2 likirudilia sentimita 20 kila mara, sehemu moja ya kumi ya kazi imepotea. Mazuti iliisha, kipande cha mwisho tukakilima kwa mikono.

Lakini tusidanganyane: chombo hiki hakioni mtu wala mbuzi, mtu lazima akae karibu na breki. Chini ya miti mikubwa satelite zinapotea. Na bila sahani ya jua na betri, kipokezi cha pembeni kinazima.

Kwa hiyo mdogo wangu, trakta ingojee kwanza. Vipokezi viwili vinatosha kupima mstari wa shamba kwa miguu. Nani wa elektronike yuko tayari tutembee pamoja?