Kinanda cha Zamani Kisipelekwe Stoo

Kwaya ikipata piano ya kidijitali, iwe kwa mchango wa waumini au kwa zawadi ya mfadhili, kinanda cha zamani mara nyingi huishia stoo. Katika Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu na Mang'ula hadi Ifakara, Mlimba na Malinyi, kwaya za parokia na sharika ndizo shule ya muziki ya vijana wengi, na vyombo vyenyewe havipatikani kwa urahisi. Kukiacha kinanda kizima kikipigwa na vumbi ni hasara. Vyombo hivyo viwili vinaweza kuunganishwa vikapigwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, tena pengine kwa gharama ya waya tu.

Kila kimoja kina anachopungukiwa mwenzake. Piano ya kidijitali huwa na vitufe 88 vyenye uzito wa piano halisi, na sauti yake ya piano ni nzuri, lakini sauti nyingine huwa chache. Kinanda cha vitufe 61 huwa na sauti nyingi, za ogani, fidla, tarumbeta na filimbi, pamoja na midundo ya ngoma, ila vitufe vyake ni vyepesi na oktava tano hazimtoshi mpigaji aliyekwisha kukomaa. Vikiunganishwa, mpigaji anakaa kwenye piano, na kila anachopiga kinaitikiwa na ogani au fidla za kinanda.

Kinachoviunganisha ni mfumo uitwao MIDI. Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya ala za muziki nchini Marekani, kinanda Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits kiliunganishwa na Jupiter-6 cha Roland ya Japani, na vikaelewana. Waasisi wakuu wa mfumo huo, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Mfumo uliachwa wazi kwa kila mtengenezaji bila malipo ya leseni, na ndiyo sababu kinanda cha miaka ya 1980 bado kinaweza kuelewana na piano iliyotoka kiwandani mwaka huu, hata kama ni vya kampuni tofauti.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: ndani ya waya wa MIDI hamna sauti. Mna maagizo tu. Ni sawa na karatasi ya nota anayoigawa mwalimu wa kwaya: karatasi haiimbi, wanaoimba ni waimbaji. Ukibonyeza C ya kati kwenye piano, waya unapeleka namba tatu, kwa mfano 144, 60 na 90. Namba 144 maana yake ni "anza kupiga, chaneli ya kwanza". Namba 60 ndiyo C ya kati. Namba 90 ni nguvu ya kidole, katika kipimo kinachoishia 127. Ukiachia kitufe, agizo jingine linatumwa la kunyamaza. Kinanda kinapokea namba hizo na kutoa sauti yake chenyewe. Kwa hiyo usisahau waya wa sauti: piano na kinanda kila kimoja kinahitaji waya wake wa kwenda kwenye mikisa au spika. Wengi huunganisha MIDI vizuri kabisa, kisha wakadhani imegoma kwa kuwa sauti ya kinanda haijafika kwenye spika.

Wapo wanaohofia kwamba kinanda kitachelewa kuitika. Waya wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na agizo la noti moja huchukua takribani milisekunde moja. Sauti ikitoka kwenye spika hutembea kama sentimita 34 tu katika muda huo. Mwimbaji aliyesimama mita kumi kutoka kwenye spika huisikia kwa kuchelewa kwa milisekunde karibu 30. Hivyo mahali unapoweka spika kanisani panachelewesha muziki kuliko waya.

Sasa tuunganishe. Angalia nyuma ya vyombo vyote viwili. Ukikuta matundu ya duara yenye vishimo vitano, kazi ni nyepesi: waya utoke kwenye tundu la piano lililoandikwa OUT, uingie kwenye tundu la kinanda lililoandikwa IN. Ukiwa na chombo cha tatu, kichukue maagizo kwenye tundu la kinanda lililoandikwa THRU, ambalo hupitisha kila kilichopokelewa bila kukibadilisha. Waya mmoja usizidi mita 15.

Ukikuta tundu la USB la mraba, mambo yanabadilika. Katika USB lazima chombo kimoja kiwe msimamizi, na kwa kawaida msimamizi ni kompyuta au simu. Piano na kinanda vyenye matundu ya mraba havitaelewana hata ukipata waya wa kuviunganisha moja kwa moja, kwa sababu vyote viwili vinasubiri kusimamiwa. Weka kompyuta katikati, yenye programu ya kupitisha maagizo kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Simu nayo inaweza kupokea maagizo ya piano kupitia kiunganishi cha OTG, kinachoifanya simu kuwa msimamizi. Android imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015.

Kisha panga chaneli. MIDI ina chaneli 16, na chombo kinachopokea huitikia ile kiliyopangiwa. Piano nyingi hutuma kwenye chaneli ya kwanza, basi anza kwa kukipangia kinanda kipokee hiyohiyo. Chaneli ya 10 iache, kwa kuwa katika mpangilio wa kawaida ni ya ngoma: ukituma wimbo huko, utasikia vishindo na matoazi badala ya noti.

Matatizo yanayowasumbua wapigaji wengi ni manne. Sauti ikisikika maradufu pale unapotumia kompyuta, piano inajipiga yenyewe na papo hapo inapigwa na maagizo yanayorudi kutoka kwenye kompyuta. Tafuta mpangilio ulioandikwa Local kwenye piano, uuzime. Noti ikigoma kunyamaza, agizo la kunyamaza limepotea njiani, aghalabu kwa waya uliolegea. Zima kinanda na ukiwashe tena, kisha kagua waya. Spika zikivuma pale kompyuta inapochomekwa kwenye umeme, chanzo kinaweza kuwa waya wa USB, unaounganisha ardhi ya umeme ya vyombo viwili. Jaribu kuitumia kompyuta kwa betri. Tundu la vishimo vitano huepuka tatizo hilo, kwa kuwa agizo linapoingia hugeuzwa kuwa mwanga, kisha umeme tena, bila vyombo kugusana.

La nne linawahusu sana walimu wa kwaya. Unaposhusha ufunguo kwa kitufe cha piano ili soprano wasikaukiwe, baadhi ya piano hubadilisha pia namba zinazotumwa, na nyingine hubadilisha sauti yake tu. Ukishusha kwenye vyombo vyote viwili bila kujua, unaweza kukuta kinanda kimeshuka mara mbili. Lijaribu hilo Jumamosi kwenye mazoezi, wala si Jumapili misa ikiwa imeanza.

Hali ya bonde letu nayo ina madai yake. Mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, na ya Kihansi, megawati 180, iko jirani, lakini umeme hukatika kwetu kama kwingine. Vyombo vingi vikizimika hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, kwa hiyo andika chaneli na mipangilio yako kwenye karatasi, uibandike chini ya kinanda. Unyevu wa masika nao huleta kutu kwenye vichwa vya waya. Funika vyombo baada ya ibada, na nyaya uzikunje bila kuzivunja shingo.

Faida kubwa kuliko zote ni kwa watunzi. Piano ikiunganishwa na kompyuta, programu ya nota kama MuseScore, inayopatikana bure, huandika noti unazozipiga. Zitahitaji kusahihishwa midundo, lakini wimbo uliokuwa kichwani mwa mwalimu mmoja unaweza kuchapishwa, ukagawiwa kwa sauti zote nne na kuhifadhiwa. Nyimbo nyingi zimepotea pamoja na waliozitunga kwa kukosa tu kuandikwa.

Kwa hiyo, viongozi wa kwaya, kabla hamjapitisha mchango wa kununua kinanda kingine, vigeuzeni mlivyo navyo mtazame matundu ya nyuma. Nunueni waya unaofaa, mfanye majaribio siku ya mazoezi, na wafundisheni vijana wasiopungua wawili kazi hii, ili mpigaji mmoja akihama, muziki usihame naye.